Antonio, Bassanio na pete ya Portia: jibu kwa mwanafunzi wa fasihi

Swali: Shikamoo Mwalimu. Nipo mwaka wa pili, nasoma fasihi. Tumepewa insha ya kuichambua The Merchant of Venice ya Shakespeare kwa nadharia ya kwia (queer theory). Tamthiliya hii naijua tangu sekondari kupitia Mabepari wa Venisi ya Mwalimu Nyerere, na siku zote niliichukulia kuwa habari ya riba, ubaguzi na ujanja wa mahakamani. Je, ni kweli Antonio, yule mfanyabiashara, alimpenda rafiki yake Bassanio kimapenzi, au wasomi wa leo wanambambikia mtu wa zaidi ya miaka 400 iliyopita mambo ya karne yetu? Na nitaandikaje bila kubuni?

Jibu: Marahaba. Ukianza na "Antonio alikuwa nani?" utazunguka wee na hutafika, kwa sababu Antonio hana maisha nje ya maneno aliyopewa na Shakespeare. Hana shajara, hana utoto, hana siri aliyoificha mahali tukaifukue. Kinachoweza kuchunguzwa ni mchezo wenyewe: lugha ya mapenzi imewekwa kinywani mwa nani, inamwelekea nani, inamgharimu nini, na pazia likifungwa nani ameingia ndani na nani amebaki mlangoni. Hayo ndiyo maswali ya nadharia hii ikitumiwa vizuri. Inachunguza jinsi jamii inavyopanga mapenzi, ndoa na jinsia kuwa ya kawaida na yasiyo ya kawaida, na nani hulipa gharama ya mpango huo.

Historia yake ni fupi. Jina lilianza kutumika mwaka 1990, Teresa de Lauretis alipoitisha mkutano kule Santa Cruz, California. Mwaka huohuo Judith Butler alitoa kitabu kilichodai kwamba uume na uke wa kijamii hujengwa kwa matendo yanayorudiwa kila siku mpaka yakaonekana maumbile. Miaka mitano kabla yake Eve Kosofsky Sedgwick alikuwa ameonyesha jinsi mwanamke katika fasihi ya Kiingereza anavyofanywa daraja la uhusiano wa wanaume wawili. Nyuma yao yupo Michel Foucault, ambaye mwaka 1976 alihoji kwamba sheria za kale za Ulaya ziliadhibu kitendo, na kwamba wazo la kuwa kuna mtu wa aina fulani, mwenye tabia na nafsi ya namna yake, ni zao la karne ya 19. Ukiwashika hao wanatosha. Usijaze insha majina.

Sasa hofu yako ya kumbambikia. Nusu yake ni ya haki. London ya mwaka 1597 hakuna mtu ambaye angesema "mimi ni mtu wa jinsia fulani ya mapenzi", kwa sababu kabati hilo la kuwapanga watu halikuwepo. Kilichokuwepo ni sheria. Henry VIII aliipitisha mwaka 1533, na adhabu ya wanaume waliolala pamoja ilikuwa kifo. Ikafutwa enzi za Mary mwaka 1553, Elizabeth akairudisha mwaka 1563. (Dola ya Kiingereza baadaye ilisambaza sheria za ukoo huo katika makoloni yake, Afrika Mashariki ikiwemo, kwa hiyo anayekwambia darasani kwamba mada hii haituhusu kabisa mwombe afungue vitabu vya sheria.)

Mwanahistoria Alan Bray, mwaka 1982, aliona kitendawili katika zama hizo. Sheria ilikuwa kali, mahubiri yalikuwa makali, lakini kesi zilizofika mahakamani zilikuwa chache mno. Wakati huohuo wanaume walibusiana hadharani, walilala kitanda kimoja, waliandikiana barua za "mpenzi wangu", na hakuna aliyeshtuka. Shtaka lilizuka pale mtu alipovunja mpaka mwingine: wa tabaka, wa dini au wa utii kwa mfalme. Kwa maneno mengine, tendo lilelile lingeweza kuitwa urafiki mtukufu au uovu wa kunyongewa, kutegemea nani alilifanya na nani aliudhika.

Kwa hiyo neno moto peke yake si ushahidi. Kama umesoma Juliasi Kaizari utamkumbuka Brutus akiwahutubia Warumi baada ya mauaji. Kwa Kiingereza cha Shakespeare anawaita wapenzi wake, halafu anasema amemuua mpenzi wake mkuu kwa ajili ya Roma. Hatukimbilii kusema lolote juu ya Brutus kwa mstari huo. Vivyo hivyo, Lorenzo, rafiki wa Bassanio, anapomwambia Portia, mke wa Bassanio, kwamba Antonio ni mpenzi mkubwa wa mumewe, hayo ni maneno ya adabu ya wakati wake. Mwanafunzi anayekusanya kila neno "mapenzi" na kulipigia mstari hajathibitisha kitu, na mtahini anayeijua karne ya 16 atambomoa kwa aya moja.

Unachohitaji ni mahali ambapo mchezo wenyewe unaufanya upendo huo kuwa tatizo linalodai kutatuliwa. Mabepari wa Venisi inavyo vituko vya namna hiyo, tena vingi. (Mistari nitakayoitaja nimeifasiri mwenyewe kutoka Kiingereza; kwenye insha linganisha na tafsiri uliyonayo.)

Anza na chanzo cha hadithi, kwa sababu ni ushahidi ambao wanafunzi wengi huupita. Shakespeare aliichukua kwenye mkusanyo wa hadithi za Kiitaliano uitwao Il Pecorone, uliochapishwa mwaka 1558. Humo mfanyabiashara anaitwa Ansaldo, naye ni baba wa ubatizo wa kijana Giannetto. Anamlea na kumpenda kama mwanawe, na anakopa kwa ajili yake kwa dhamana ya ratili ya nyama. Mwisho wa hadithi Ansaldo anaozwa mtumishi wa bibi harusi. Kila mtu anapata jiko, mambo yanaisha. Shakespeare alibadilisha ncha zote mbili. Ubaba aliuondoa, akabakiza wanaume wawili wasioelezwa wazi kwa nini mmoja anampa mwenzake kila alicho nacho. Na ile ndoa ya mwisho, aliyokuwa nayo mkononi tayari, akaitupa. Akamwoza Nerissa, mtumishi wa Portia, kwa Gratiano, rafiki wa Bassanio. Upweke wa Antonio basi ni uamuzi wa mtunzi. Hadithi aliyoirithi haikumlazimisha.

Sasa fungua ukurasa wa kwanza. Mchezo unaanza na Antonio akisema hajui kwa nini ana huzuni. Rafiki zake wanakisia: ni meli zako baharini? Anakana. Basi umependa! Anajibu kwa kukemea tu, "Aka, aka!", bila kueleza. Wengi wamesoma kemeo hilo kama ungamo. Mimi nasita: kemeo linaweza kuwa kemeo. Linalonivutia zaidi ni kwamba huzuni hiyo inaletwa kama swali la kwanza la mchezo, na mchezo mzima unamalizika bila kulijibu.

Dakika chache baadaye Bassanio anakiri kwamba anamdai Antonio shukrani kuliko mtu yeyote, "kwa fedha na kwa mapenzi". Ziangalie hizo mbili zilivyofungwa pamoja. Antonio anajibu kwamba mfuko wake, nafsi yake na uwezo wake wote uko wazi kwa haja za Bassanio. Haja yenyewe ni ipi? Nauli na mavazi ya kwenda kuposa mwanamke tajiri wa Belmont. Antonio anakopa dukati 3,000 kwa Shylock, Myahudi mkopeshaji wa riba, kwa miezi mitatu, anaweka ratili ya nyama ya mwili wake rehani, ili mtu anayempenda aende kuoa. Sedgwick angetabasamu hapa, maana Portia amekuwa njia ya Bassanio kulipa deni lake kwa Antonio kabla hata hajatokea jukwaani.

Kuagana kwao hatukuoni. Tunasimuliwa na rafiki yao Salarino: Antonio macho yalimjaa machozi, akageuza uso, akanyoosha mkono nyuma yake na kuukamata mkono wa Bassanio. Solanio anaongeza, "nadhani anaipenda dunia kwa ajili yake tu." Hawa wawili ni wambea wa mjini, kwa hiyo usiwafanye mashahidi wa kiapo. Lakini mtunzi amewapa maneno hayo, na hakuna mahali anapoyakanusha.

Barua ya Antonio inafika Belmont siku ileile Bassanio anapochagua kasha sahihi, mtihani waliowekewa wote wanaomposa Portia, na kupata mke. Meli zimezama, inasema, na deni haliwezi kulipwa bila yeye kufa. Madeni yote kati yetu yamefutwa iwapo nitakuona tu ninapokufa. Lakini fanya upendavyo, kama mapenzi yako hayakushawishi kuja, isikushawishi barua yangu. Mtu anayeandika hivi anajua kuvuta. Bassanio anaondoka kabla ya usiku wa harusi.

Halafu mahakamani. Antonio, akingoja kisu, anajifananisha na kondoo dume aliyehasiwa, tena mgonjwa, anayestahili kufa kuliko wote kundini. Anamwambia Bassanio: nisalimie kwa mkeo, mweleze jinsi nilivyokupenda, na hadithi ikiisha mwambie yeye awe hakimu, kama Bassanio hakuwahi kuwa na mpenzi. Bassanio anajibu kwamba mke wake ni azizi kama uhai wenyewe, lakini uhai, mke na dunia nzima angevitoa sadaka ili amwokoe Antonio. Mke huyo yupo palepale, amejifanya mwanamume, amevaa joho la mwanasheria. Anasema mkeo asingekushukuru kwa hilo kama angekuwa karibu kusikia. Ukumbi hucheka. Lakini tazama kilichotokea: Antonio ameomba Portia awe hakimu wa upendo wake, na Portia, bila yeye kujua, amekaa kwenye kiti hicho tayari.

Kwa maoni yangu Portia ndiye msomaji makini kuliko wote ndani ya mchezo. Amesikia, na hatua anayoifuata inaonyesha amesikia nini. Kesi ikiisha, naye akiwa amemwokoa Antonio, anakataa malipo, anaomba pete, ileile aliyomvisha Bassanio kwa kiapo cha kutoivua. Bassanio anakataa. Anayemgeuza ni Antonio: stahili za mwanasheria huyu, anasema, pamoja na mapenzi yangu, zipimwe dhidi ya amri ya mkeo. Mstari huo uweke katikati ya insha yako. Hakuna msomi wa karne ya 20 aliyeleta mizani hapa. Antonio mwenyewe ameyaweka mapenzi yake upande mmoja na ndoa upande wa pili, kwa sauti, mbele ya Gratiano, na upande wake umeshinda. Pete inapelekwa.

Tendo la tano watu wengi huliona la mzaha, wake wawili wakiwazomea waume zao juu ya pete. Soma tena. Antonio anasema yeye ndiye sababu ya ugomvi huu. Anakumbusha kwamba aliwahi kuuazima mwili wake kwa ajili ya mali ya Bassanio, na sasa yuko tayari kuweka roho yake dhamana kwamba Bassanio hatavunja kiapo tena. Portia anapokea palepale: basi wewe utakuwa mdhamini wake, mpe hii. Anampa Antonio pete, Antonio anampa Bassanio. Mtu aliyekuwa mshindani wa ndoa amegeuzwa mlinzi wake, tena kwa mkono wake mwenyewe. Wengine husema Portia amemfukuza. Mimi naona amefanya jambo la kijanja zaidi: amempa nafasi, lakini nafasi yenye mipaka aliyoichora yeye. Kisha anamkabidhi barua kwamba meli zake tatu zimefika salama. Antonio anashukuru kwa kupewa uhai na riziki, na hayo ndiyo maneno yake ya mwisho. Wanaingia ndani Portia na Bassanio, Nerissa na Gratiano, Jessica binti wa Shylock na Lorenzo. Maelekezo ya jukwaa hayasemi Antonio afanye nini, na kila mwongozaji analazimika kuamua.

Kuna uzi mwingine ambao ungeweza kuipa insha yako uzito, nao ni uzazi wa fedha. Shylock, akitetea riba, anasimulia habari ya Yakobo na kondoo wa Labani katika Mwanzo, jinsi madume na majike yalivyozaana kwa faida yake. Antonio anamuuliza kama dhahabu na fedha zake ni kondoo. Shylock anajibu kwamba hajui, ila naye huzizalisha upesi vilevile. Antonio anakemea: lini urafiki ulidai uzao wa madini tasa? Katika fikra za Kikristo za zama za kati riba ilihesabiwa kosa dhidi ya maumbile, kwa kuwa inakizalisha kisichozaa. Na mapenzi ya jinsia moja yalihesabiwa vilevile, kwa kuwa hayazai. Mshairi wa Kiitaliano Dante aliwaweka wenye makosa haya mawili katika duara moja la Jehanamu, la saba, kwenye mchanga uleule wa moto. Mshairi W. H. Auden aliuona uhusiano huu katika insha iliyotoka mwaka 1962, kabla nadharia haijapata jina. Antonio hukopesha bila riba, hana mke wala mtoto, na anajiita kondoo aliyehasiwa. Shylock huzalisha fedha, na mtoto wake mmoja anatoroka na sanduku la mali. Maadui hawa wawili wamesimama karibu kuliko wanavyotaka.

Na hapa nina ugomvi na baadhi ya wenzangu. Wapo wanaompenda Antonio mno kama mtu aliyetengwa, mpaka wanasahau kwamba ndiye aliyemtemea Shylock mate na kumwita mbwa, na kwamba sharti la Shylock kubatizwa ni Antonio aliyelipendekeza, hata Duke, mtawala wa Venice, hakuwa amelitaja. Kuwa nje ya ndoa hakumfanyi mtu kuwa mwema. Venice ya mchezo huu ina viwango vya kutengwa: Antonio anabaki na meli, jina na kiti karibu na meza, Shylock anaondolewa dini, mali na binti. Insha itakayoonyesha tofauti hiyo itakuwa bora kuliko itakayowaita wote wawili "wengine" na kufunga daftari.

Suala la wavulana waigizaji litaje, ila usikae nalo sana kwa sababu kila mtu hukaa nalo. Hadi mwaka 1660 majukwaa ya umma ya London hayakuwa na waigizaji wa kike wa kulipwa. Portia, Nerissa na Jessica waliigizwa na wavulana. Mbele ya watazamaji alisimama mvulana anayeigiza mwanamke anayejifanya mwanamume. Wapinzani wa tamthiliya, Phillip Stubbes mwaka 1583 kwa mfano, walishika Kumbukumbu la Torati 22:5 na kudai mavazi hayo yanachochea uovu. Chukua jambo moja tu: hofu juu ya jukwaa na tamaa ni ya watu wa zama hizo wenyewe.

Ukitaka mlinganisho, usiende mbali. Edward II ya Christopher Marlowe, iliyochapishwa mwaka 1594, mwaka mmoja baada ya mtunzi kuuawa Deptford, inasema waziwazi yale ambayo Shakespeare anayazunguka. Mfalme anampenda Gaveston, na makabaila wanaasi. Lakini msikilize Mortimer mzee akimtuliza mpwa wake: wafalme wakuu wote walikuwa na vipenzi wao, Alexander na Hephaestion, Achilles na Patroclus. Mpwa anajibu kwamba ashiki ya mfalme haimsumbui. Kinachomkera ni mtu wa kuzaliwa duni kupandishwa juu yao na kuchezea hazina. Hapo hoja ya Bray imesimama jukwaani kwa miguu miwili. Na katika Twelfth Night yupo Antonio mwingine, baharia, anayemfuata Sebastian mjini kwenye maadui kwa sababu tamaa yake, anasema, kali kuliko chuma kilichonolewa, ilimsukuma. Naye mwisho haozwi. Antonio wawili, mtunzi mmoja, mwisho unaofanana: hilo ni jambo la kuandikwa, mradi usilikimbize hadi kwenye maisha ya Shakespeare mwenyewe, ambako hakuna kinachoshikika.

Kuhusu kuandika bila kubuni, kwa kila dai weka mstari wa mchezo na useme nani anausema, kwa nani, wakati gani. Kisha andika kwa uaminifu usomaji unaokupinga. Kwamba Antonio ndiye aliyegharamia posa. Kwamba urafiki wa kiume ulisifiwa na Cicero, na shule za Kiingereza zilimfundisha kwa watoto. Kwamba huzuni ya mwanzo inaweza kuwa mbinu tu ya kutufanya tungoje maafa. Ukishayaweka mezani, rudi kwenye pete na uulize kama maelezo hayo yanatosha kufafanua kwa nini Antonio anapima mapenzi yake dhidi ya amri ya mke, na kwa nini Portia anaona haja ya kumfanya mdhamini. Mimi naona hayatoshi. Wewe unaweza kuona yanatosha, na insha yako bado ikapata alama nzuri ikiwa umeonyesha njia.

Wenzako watakuuliza kama unatetea au unalaani. Hukuombwa lolote kati ya hayo. Kama una nafasi ya maneno 1,500, ningeacha makasha ya Belmont na habari za Jessica, nikaanza moja kwa moja na Il Pecorone, nikaenda barua, mahakama, pete, na kumalizia na Tendo la tano nikieleza mahali ambapo ningemsimamisha Antonio jukwaani na kwa mstari upi.